Kiti mwendo cha magurudumu matatu kwa mtoto wa kijijini: tumekitumia miaka mitatu, haya ndo niliyoyaona

Habari zenu wazazi wenzangu. Tangu niweke ile picha ya binti yangu anaingia darasani nimeulizwa sana inboksi kile kiti ni cha aina gani, nimekipata wapi, shilingi ngapi, na je kinahimili njia zetu hizi za mchanga. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka kwahiyo naandika hapa mara moja kwa wote, tena kwa kirefu mana najua wengi mnaouliza mna watoto wako ndani tu na mnataka kujua kabla hamjapoteza nauli.

Sisi tuko Dodoma vijijini, upande wa Chamwino. Kutoka nyumbani mpaka shule ya msingi ni kama kilomita moja na nusu, katikati kuna korongo, mvua zikinyesha linapitisha maji na kiangazi ni mchanga mtupu wa kuzamisha mguu, na pembeni kote ni migunga na miiba yake mnaijua. Binti yangu saivi ana miaka 10. Ana mtindio wa ubongo, alipozaliwa alichelewa kulia, miguu haimbebi, mgongo ulikuwa unalegea, mkono wa kushoto unakaza lakini kichwani yuko vizuri kabisa, anaelewa kila kitu, anaongea taratibu na ukishamzoea unamsikia vizuri tu. Nilimbeba mgongoni mpaka anafika miaka 6. Mwenye mtoto anayekaza miguu anajua ninachosema, hashiki kiuno kama watoto wengine, mwili unajinyoosha kama ubao unakuvuta nyuma, ukifika unakoenda na wewe mgongo umekufa. Ndo maana shule nilikuwa hata siiwazi, nilikuwa nawaza kliniki tu.

Kabla ya hiki tulikuwa na kiti kingine na lazima nikisimulie, mana bila kile hamtaelewa kwanini hiki nakisifia. Vilikuja viti vya msaada, tukaitwa wazazi, tukakaa juani kuanzia asubuhi, wakapiga hotuba, wakapiga picha, kila mtoto akapewa kiti akaondoka nacho. Hakuna aliyempima mwanangu hata kwa kamba. Kilikuwa ni kile cha kukunja cha hospitali, cha mtu mzima, cha kusukumia mgonjwa kwenye sakafu ya marumaru. Mtoto wa miaka 6 akikaa mle anapotea, anateleza mbele, anapinda upande mmoja kama gunia lisilojaa, nikawa namzungushia khanga mbili kumfunga. Magurudumu ya mbele madogo kama ya toroli la sokoni, yakigusa mchanga yanazama yanageuka pembeni na kiti kinataka kupinduka mbele na mtoto wako. Mara mbili kilipinduka kweli, mara ya pili alipasuka mdomo. Baada ya miezi minne nikamkuta ana kidonda juu kidogo ya makalio, pale anapokalia mfupa, kidonda kile tulikiuguza wiki sita. Nikakiacha kiti kwenye ua. Majirani wakawa wanakiazima kubebea madumu ya maji, na kwa kweli moyo uliniuma sana mana watu walikuwa wanasema si mlipewa kiti, mbona mtoto hampeleki shule.

Sasa hiki cha saivi.

Kwa umbo kina magurudumu mawili makubwa nyuma, ya inchi 24, yaleyale ya baiskeli, na gurudumu moja tu mbele, limetokeza mbali mbele ya miguu ya mtoto kwenye mkono mrefu wa chuma. Nilipokiona mara ya kwanza nikasema hiki nacho kitapinduka, kina gurudumu moja mbele kitasimamaje. Fundi akaniambia mama sukuma kwenye lile shimo pale, nikasukuma, kikapita. Siri yenyewe ni huo urefu. Uzito wa mtoto unakaa zaidi nyuma kwenye magurudumu makubwa, kwahiyo la mbele halilemewi halichimbi mchanga, na kwa kuwa liko mbali kiti hakiwezi kuinamia mbele kirahisi hata kwenye mteremko. Pale korongoni nimejifunza mwenyewe, namgeuza namvuta kwa nyuma, napita mchanga wote bila kusimama. Wakati wa ule mwingine nilikuwa nahitaji watu wawili wabebe kiti na mimi nimbebe mtoto.

Ila niseme ukweli, kilichobadilisha maisha ya mwanangu ni kupimwa, chuma peke yake kisingefanya chochote. Aliyempima ni dada mmoja mdogo tu aliyesomea TATCOT, kile chuo kiko pale hospitali ya KCMC Moshi kinachofundisha wataalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi. Alikuja hospitalini na timu yake, tulipangiwa siku. Alikaa na sisi karibu masaa mawili. Kwanza hakugusa kipimo, alianza kuniuliza mnaishi wapi, njia ikoje, nyumba mlango una upana gani, anakula vipi, anajisaidiaje, anataka kufanya nini. Halafu akamgeukia mtoto akamuuliza yeye mwenyewe, wewe unataka kiti cha kwendea wapi? Akasema shule. Mimi nilikuwa sijawahi kumuuliza hilo swali.

Ndo akampima upana wa nyonga, urefu wa paja, goti mpaka kisigino, makalio mpaka kwapani. Akanieleza kwamba Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo tangu 2008 kuhusu viti hivi kwa nchi zetu, kuna hatua nane, kuanzia rufaa, kupimwa, kuchaguliwa kiti, kupata fedha na kuagiza, kukitengeneza, kukijaribisha kwa mtoto, kufundishwa kukitumia, mpaka matengenezo na kumfuatilia. Mimi pale nikakumbuka ile siku ya hotuba, tulirushwa hatua zote nane tukapewa chuma.

Baada ya wiki tano tukaitwa kujaribisha. Hapa nieleze vizuri mana ndo mnapotakiwa kukazania na nyie. Mto wa kukalia una sponji nene na umechongwa nyuma pako chini kidogo kuliko mbele, kwahiyo makalio yanaingia nyuma yenyewe hayatelezi. Mkanda unapita kiunoni chini, siyo tumboni. Pembeni ya mbavu kuna vibao viwili vidogo vya sponji vya kumzuia asiinamie kushoto. Miguu inakanyaga kwenye ubao, nyayo zote mbili, magoti yamekunjwa vizuri. Mbele kuna meza ya mbao inayochomekwa na kuchomolewa. Walimweka, wakamtoa, wakaongeza sponji kushoto, wakamweka tena, wakashusha ubao wa miguu nusu inchi, mara tatu nne hivi mpaka yule dada akaridhika.

Halafu kikatokea kitu. Alipokaa sawa mgongo umeshikwa, ule mkono wake wa kulia ambao siku zote alikuwa anautumia kujishikilia asianguke, ukawa hauna kazi. Ukashuka kwenye meza wenyewe. Akaanza kugusa mbao na kidole, akafuata mistari ya mbao taratibu kutoka upande huu mpaka ule, kimya kabisa, halafu akaniangalia. Miaka saba nilikuwa naamini mwanangu mikono yote miwili ni mibovu kumbe mmoja ulikuwa umechukuliwa na kazi ya kujizuia kudondoka. Nililia pale na sioni aibu kusema. Hata kula kulibadilika, akikaa wima hapaliwi kama zamani nilivyokuwa namlisha kamelala kwenye mapaja.

Bei: sisi tulichangia laki na nusu, kilichobaki kililipwa na wafadhili wa mpango wa ile timu iliyompima, bei kamili ni kubwa kuliko hiyo sana. Nilitoa kidogo kidogo kwa miezi minne na walikubali. Wapo watakaoambiwa bei nyingine, inategemea umepitia wapi.

Sasa shule, mana wengi mnauliza zaidi kuhusu shule kuliko kiti. Kisheria hamna wa kumkatalia, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ipo, mtoto ana haki ya kusoma shule kama wenzake, na shule za msingi za serikali hazitozi ada. Lakini sheria haijengi njia ya kupandia kiti. Darasa la awali lilikuwa na ngazi mbili, kama sentimita 30 kwenda juu. Wazazi walijitolea mawe na mchanga, saruji mifuko mitatu ilitoka kwenye kamati ya shule, kikajengwa kimteremko siku moja. Kikawa kifupi, mwinuko mkali, nikisukuma naona kiti kinataka kunirudia kifuani. Nikampigia yule dada akacheka akasema mama hesabu ni moja kwa kumi na mbili, ukipanda sentimita 30 basi mteremko uwe na urefu wa mita tatu na nusu na kidogo. Wakavunja wakajenga upya, na saivi mkitaka kuanza mwanzo anzeni na hesabu hiyo msirudie kosa letu. Juu pia acheni sehemu tambarare ya kiti kusimama, sisi mlango ulikuwa unafungukia palepale.

Choo ndo kiliniumiza kichwa. Mnajua vyoo vya shule, tundu chini. Na hapa ndo ubaya mkubwa wa kiti hiki, ule urefu unaosaidia kwenye mchanga unakuwa adui mahali padogo, hakigeuki. Kwenye choo hakiingii kabisa, na hata darasani inabidi akae safu ya mbele karibu na mlango. Fundi seremala wa hapa kijijini alitutengenezea kiti cha mbao chenye tundu katikati na mikono ya kushikia, elfu 35, kinawekwa juu ya shimo. Mwanzoni nilikuwa naenda mwenyewe saa nne kumsaidia, sasa yuko mama anayepika uji wa shule ndo anamsaidia, namshukuru sana Mungu ambariki.

Watoto wenzake, mwanzo walikuwa wanamwogopa. Kuna mzazi alimwambia mwalimu asimkalishe mwanae karibu na wangu ataambukizwa. Mwalimu mkuu hakugombana naye, aliitisha kikao, akamleta mtu wa zahanati akaeleza kwa lugha ya kawaida kwamba mtindio wa ubongo unatokana na ubongo kuumia, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, au manjano kali ya siku za kwanza, au homa ya uti wa mgongo, hauambukizi na hakuna aliyerogwa. Mimi nilikaa kule nyuma nimeinama. Yule mzazi baadae alikuja nyumbani na kibakuli cha karanga, hatukuongea sana, ila saivi mwanae yuko kwenye zamu ya kusukuma kiti.

Ndiyo, wana zamu. Wamejipangia wenyewe, wawili wawili, na mwalimu ameweka sheria moja tu, kwenye mteremko hakuna kukimbia. Ilishavunjwa hiyo sheria, niliambiwa siku moja walishuka nae mbio mpaka kwenye mwembe na yeye anapiga kelele ongezeni ongezeni. Niliwagombeza wote, yeye na waliomsukuma. Usiku nikawa nawaza huyu mtoto hajawahi kugombezwa na mtu kwa kosa la utundu.

Kuandika pia mnauliza. Penseli ya kawaida haishiki, inamponyoka. Mwalimu wa darasa la kwanza alichukua kipande cha ndala iliyochakaa akakitoboa, akachomeka penseli katikati, ikawa nene inajaa kiganjani. Karatasi anaibandika kwenye meza ya kiti kwa gundi ya karatasi pembe mbili isisogee. Na huyu mwalimu hakusomea elimu maalum. Wanaosomea elimu hiyo chuo cha ualimu Patandi kule Arusha ni wachache na shule ziko nyingi, kijijini kwetu hajawahi kuletwa hata mmoja, lakini huyu alikaa akamwangalia mtoto akaona tatizo liko kwenye unene wa penseli. Anaandika jina lake sasa, herufi kubwa zinapanda zinashuka, anachukua muda. Mwakani ni darasa la nne na mwalimu ameshatuambia tupeleke taarifa zake mapema ili kwenye mtihani wa upimaji wa darasa la nne aongezewe muda.

Mabaya mengine ya kiti ili msije kusema sikuwaambia. Kwanza ni kizito, ukiwa peke yako kukinyanyua kwenye gari ni kazi. Magurudumu ya nyuma yanachomoka, kuna kitufe katikati unabonyeza unavuta, lakini ule mkono wa mbele unabaki umetokeza. Bodaboda haibebi. Kwenye basi tulishatozwa nauli ya mzigo na kondakta, tena akakirusha juu ya keria kama kitanda, fremu ikapinda kidogo upande wa kulia, mpaka leo kinavuta upande. Siku hizi nikisafiri nasimama mwenyewe kuhakikisha kimelazwa vizuri na kufungwa.

Pili, pancha. Mwezi wa kwanza nilipata pancha tano, miiba. Uzuri ni kwamba tyubu na tairi ni za baiskeli, fundi baiskeli yeyote anaziba, tyubu mpya nilinunua elfu 6 hapa hapa gulioni. Fundi wetu alinifundisha kukata tairi kuukuu la baiskeli nalivika ndani kati ya tairi na tyubu, miiba ikachoka, sasa napata pancha labda moja kwa miezi miwili. Nati zake zinafungwa kwa spana ya kawaida namba 13. Kile kiti cha msaada kilipoharibika beringi ya mbele tulitafuta mpaka Dodoma mjini hatukupata. Kwahiyo mkiletewa kiti swali la kwanza muulize hii ikifa kijijini kwangu naipata? Kama haipatikani basi ujue kiti kina mwaka mmoja.

Tatu, sponji. Baada ya mwaka inalala, ukibonyeza kwa kidole inagota kwenye ubao. Ikifika hapo badilisha usisubiri, vidonda vinaanza hivyo. Kila jioni nikimwogesha namwangalia makalio na mgongo, nikiona wekundu usiopotea baada ya nusu saa najua kuna kitu. Kitambaa cha juu kifuliwe kikauke kabisa kabla ya kurudisha, mtoto akikalia unyevu ngozi inachubuka upesi.

Nne, mtoto anakua na kiti hakikui. Cha kwetu ubao wa miguu unashuka na kina cha sehemu ya kukalia kinaongezeka kidogo, vimesharekebishwa mara mbili, lakini upana sasa unabana. Tulitakiwa kufuatiliwa kila baada ya miezi sita. Mara ya kwanza walikuja, mara ya pili wakachelewa, ya tatu ilibidi nipige simu mimi mara nyingi sana na mwisho nikasafiri mwenyewe. Hapo ndo nimewapunguzia nyota moja. Huduma nzuri kabisa ya mwanzo halafu ufuatiliaji unalegea, na sisi wa kijijini ndo tunaohitaji kufuatiliwa zaidi mana nauli ya kwenda kurekebisha ubao wa miguu tu ni ya wiki nzima ya chakula. Natoa nyota nne kati ya tano.

Jinsi ya kupata: msianze na kutafuta kiti mitandaoni wala kuagiza dukani, viti vya dukani vingi ni vile vya hospitali. Anzeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na afisa elimu maalum wa wilaya, hao wanajua timu zinakuja lini na hospitali gani ina kitengo cha mazoezi tiba. Walio Dar, hospitali ya CCBRT wanahudumia watoto wa mtindio wa ubongo. Moshi ni hapo KCMC. Mkifika, mtoto asipopimwa msipokee, najua ni ngumu kukataa kitu cha bure mbele za watu, mimi mwenyewe nilipokea, lakini kidonda cha wiki sita kilinigharimu kuliko hiyo laki na nusu.

Aliyeuliza kama kinaingia kwenye Noah, kinaingia ukichomoa magurudumu na ukilaza kiti kimoja cha nyuma. Aliyeuliza kuhusu mvua, korongo likijaa hatuvuki, mtoto anabaki nyumbani siku hizo na mwalimu anamtumia kazi kwa daftari la mwenzake anayeishi upande wetu, mwaka huu alikosa siku kumi na moja na zote anazikumbuka kwa tarehe. Tumeomba kivuko kwenye mkutano wa kijiji, mwenyekiti ameandika. Na mama uliyeuliza kama wa kwako wa miaka 13 amechelewa, mlete apimwe, mwezi ujao tarehe za kliniki zikitoka nitaziweka hapa hapa, nauli ya kutoka kwenu kuja huku niulize tupange usafiri wa pamoja mana tayari tuko wazazi watatu.